Mvunguni mwa Kitanda

Uvumi ule uliingia mtaa wa Karagita kama moshi chini ya mlango: kuna wezi wa watoto wanaopiga mayowe "Moto! Moto!" vibarazani, na mtoto akichomoka nje, anatua mikononi mwao. Nani aliwaona? Hakuna. Lakini Wangechi, ambaye hushinda akifunga maua shambani huku bintiye amebaki peke yake chumbani, hakuhitaji shahidi. Lisemwalo lipo.

Akamfunza Shiru, wa miaka mitano. "Ukisikia moto, unafanya nini?"

"Naweka komeo, naingia mvunguni, nafunga mdomo."

"Na wakikuita jina?"

"Ni waongo."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Chelangat, mpangaji mgeni wa chumba cha jirani, asiye na mtoto, aliyewagawia watoto wa ploti nzima mandazi.

"Mandazi ya bure yana ndoana," Wangechi alimwambia usoni.

Chelangat akacheka. "Basi nunua, mathe."

Jumamosi moja mchana Wangechi alirudi akakuta moshi ukifuka dirishani pake, na Chelangat akiupigapiga mlango. Kabla hajauona moto, alimwona mwizi. Akamvuta kwa nguo.

"Niachilie! Mtoto yuko ndani! Nimeita mpaka sauti imekauka!"

"Shiru! Ni moto wa kweli! Fungua!" Wangechi akapaza sauti.

Komeo halikusogea. Mwanafunzi alikuwa amefuzu.

Wakauvunja mlango, bega la mama na bega la mshukiwa. Sweta ya shule, aliyoianika Wangechi mwenyewe juu ya jiko alilodhani limezimika, ilikuwa imeangukia makaa, na moto ukapanda pazia. Chelangat akaingia kwa magoti, akamburura mtoto kutoka mvunguni, viganja vyote viwili bado vimebana mdomo.

Alipopata pumzi, Shiru alikohoa, akasema kwa fahari: "Sikujibu, Mama. Hata walipoiga sauti yako."

Jioni masomo yakaanza upya, kibarazani.

"Na anayeniita akiwa mwizi kweli?" Shiru akauliza.

Wangechi akatupia jicho mlangoni kwa Chelangat, ambako mafuta ya mandazi yalikuwa yakichemka. Akainua vidole, akahesabu makatazo, ya mtoto na yake mwenyewe:

Usichezee kiberiti.

Usianike nguo juu ya jiko.

Usiyaamini makaa yaliyonyamaza.

Usimwache mtoto peke yake na jiko.

Usijifiche mvunguni.

Usinyamaze ukiitwa. Hata kama si mimi ninayeita.