Aleluya ya Mwaka Jana

Asubuhi ya Pasaka, Kabedi alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Ijumaa Kuu, ila maji. Alikaa barazani, kitambaa cheupe kichwani, rozari mapajani, akingoja. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari, na muuguzi alikuwa amesema mara mbili, akipiga kidole mezani, kwamba havimezwi na tumbo tupu. Basi hakula, na kwa kuwa hakula hakumeza, na jana mchana miguu ilimwisha nguvu karibu na ndoo za maji. Mkwewe Philomène alimdaka kabla kichwa hakijafika kwenye sementi. Bibi wa miaka sabini na minane, mwepesi kuliko ndoo zenyewe, na bado nguvu za kukataa alikuwa nazo.

"Mama, kula kidogo tu," Philomène alimwambia asubuhi hiyo, kwa mara ya sijui ngapi, akifunua sahani ya ugali. "Nilipika bukari. Kuku pia iko."

"Minye nilisema, mama Laure. Nitakula kama nimesikia Aleluya ya kanisa. Tangu niko mutoto, njo vile. Siwezi kubadilisha juu ya ile corona yenu."

Corona yenu! Utadhani Philomène ndiye aliyeileta mjini Likasi, akaishusha sokoni pamoja na mifuko ya unga.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wakati wa Kwaresima Wakatoliki hawatamki Aleluya. Inawekwa kando siku arobaini, kama nguo ya sikukuu sandukuni, na inatolewa Pasaka. Mama yake Kabedi alikuwa amemfundisha kwamba tangu Ijumaa Kuu chakula hakiguswi mpaka Aleluya iimbwe kanisani, na Kabedi alilishika hilo maisha yake yote bila taabu, kwa sababu kanisa lilikuwa palepale, njia ya tano kutoka nyumbani. Nani angefikiri kwamba kuna mwaka kanisa lingefungwa? Lakini tangu mwezi wa tatu makanisa yote ya nchi yalikuwa yamefungwa, na padri alisoma misa peke yake, milango imebanwa. Waamini waliambiwa wafuate redioni. Vizuri. Ila umeme ulikatika Jumamosi mchana, mtaa mzima, na redio ya mji nayo ikanyamaza. Philomène alizungusha na kuzungusha, akapata mchakacho mtupu, kama mtu anayekaanga dagaa.

Kumpigia padri alishampigia. Padri alijibu kwa upole kwamba mama ale tu, Bwana hawezi kumkasirikia mgonjwa. Philomène alipopeleka habari hiyo barazani, Kabedi alicheka kwa pua.

"Ule padri ni mutoto. Nilimupanguzaka makamasi, minye."

Kwa kweli si ukaidi mtupu, na Philomène alilijua hilo. Mwezi wa nane wa mwaka jana walikuwa wamemzika mzee Godefroid, mume wa Kabedi, na tangu siku hiyo bibi alikuwa akishikilia kila kitu kidogo kilichobaki mahali pake: viatu vya mzee mlangoni, kikombe chake cha bati, saa ya kulala, saa ya sala. Ukimnyang'anya na Aleluya, abaki na nini? Philomène alimwonea huruma. Lakini huruma nayo inataka nguvu, na yeye nguvu zilikuwa zimemwishia.

Alikuwa amechoka, basi. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauondoi. Mumewe Georges, mwana wa Kabedi, alikuwa na wiki ya tatu amefungiwa kazini huko Kakanda: kampuni ilisema anayetoka mgodini harudi, na anayebaki halali kwake mpaka ugonjwa upite. Georges alikuwa ameondoka na mashati mawili. Binti yao Laure aliolewa Kolwezi, na barabara zilikuwa zimefungwa. Wakabaki wanawake wawili na mji wa ndoo: maji ya kupikia, maji ya kufulia, maji ya kunawa mikono kila unapogusa kitu, na bomba liko mbali. Mchana alishona barakoa kwa vipande vya kitenge. Sala yake ya asubuhi hiyo ilikuwa fupi. "Bwana Yesu, kama ni kufufuka, fufuka upesi. Minye nimechoka."

"Aleluyaaa!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

Huyo alikuwa Chadrack, jirani. Chadrack ni mchimbaji wa mashimo, wale wanaochimba kwa sururu na kuuza madini kwa gunia. Barabara zilipofungwa alikaa nyumbani, na kanisa lake la maombi lilipofungwa alilihamishia uani: yeye mchungaji, mkewe Deborah ndiye waamini wote, na katikati yao spika kubwa yenye betri inayochajiwa na kibao cha umeme wa jua. Kwaresima nzima mtu huyu alipiga Aleluya asubuhi na jioni, na Kwaresima nzima Kabedi alimjibu kwa kugonga mfuniko wa sufuria ukutani. "Chadrack! Yesu hayakufa bado, weye unamufufula!" Watu wa njia nzima walishazoea. Wengine walisema ndiyo burudani pekee iliyobaki Likasi.

Leo Kabedi hakugonga mfuniko. Alisikia ile Aleluya, akatikisa kichwa polepole, akasema kwa sauti ndogo, "Ile yake haihesabiwe." Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya rozari.

Huo mkono ndio uliomtisha Philomène. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akashika simu. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Alitaka kumwita muuguzi, na kidole chake, kikitafuta namba, kikapita kwenye ujumbe wa zamani wa Laure. Pasaka ya mwaka jana Laure alikuja kutoka Kolwezi, akarekodi misa nzima ya parokia, akawatumia. Philomène hakuwahi kuifungua. Nani ana muda wa kusikiliza misa aliyokwisha kuisali?

Aleluya ya kanisa. Ilikuwa hapo mkononi mwake.

Aliyechoka hufikiri jambo moja tu kwa wakati mmoja. Philomène alifikiri kwamba macho ya Kabedi yana ukungu lakini masikio yapo, kwamba parokia iko upande wa kwa Chadrack, na kwamba upepo unaweza kuleta chochote. Zaidi ya hapo hakufikiri. Alifunga barakoa, akaenda ukutani.

"Chadrack, kuya hapa. Iko na misa katika telefone. Piga ile spika yako, lakini pole pole. Mama asikie sawa vile inatoka kule kanisani."

Chadrack alikunja uso. "Ya Philo, dada yangu. Leo Pasaka. Unataka minye nidanganye kaku, bibi yetu, siku ya Pasaka?"

"Kwa hiyo afe siku ya Pasaka?"

Chadrack alivua kofia. Kwanza aliomba msamaha kwa Mungu, kabla ya kosa lenyewe, maombi marefu yenye vifungu vya Agano la Kale, huku Philomène akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule na chaji ikizidi kushuka. Alipomaliza, alivutia ile misa kwenye simu yake, akabeba spika mpaka kona ya mwisho ya ua, akaielekeza ukutani, akapunguza sauti. Hilo la kupunguza sauti lilimuuma kuliko uwongo.

Philomène alirudi barazani, akaweka sahani karibu, akaketi.

"Mama, sikia! Banaimba kule paroisse. Nazani padri amefungua mulango."

Kabedi aliinua kidevu. Na kweli, kwa mbali, kinanda kilikuwa kinalia. Kikohozi cha mtu. Viatu vya watu wakisimama, mamia ya watu wakisimama pamoja, sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwa wiki nyingi. Kabedi naye alisimama. Alishika mkono wa kiti, akasimama wima kwa ajili ya Injili. Philomène alimshika kiunoni, akaona aibu, kisha akaona afueni, kisha aibu tena.

Ndipo kikaja kile kimya kidogo, kile ambamo Germain, mwalimu wa kwaya, hunyanyua mikono juu na wote wanavuta pumzi. Na katika kimya hicho, kabla ya wote, mtu mmoja alianza peke yake, kwa sauti nene, bila haya.

"A-le-"

Philomène aliitambua sauti ile. Mzee Godefroid!

Alikuwa amesahauje? Parokia nzima ilijua. Miaka thelathini na mmoja mzee alivunja mawe ya chokaa pale Kakontwe, na baruti zilikuwa zimemla masikio. Alipoona mikono ya Germain inapanda, hakungoja ishuke. Kila Pasaka alitangulia. Germain alimpeleka mstari wa nyuma, akampeleka nyuma ya nguzo, akambembeleza, akamgombeza; kila Pasaka mzee alitangulia na kanisa lote lilicheka chinichini. Mwaka jana pia. Na sasa, amelala makaburini tangu mwezi wa nane, anatangulia kutokea kona ya ua wa Chadrack.

Chadrack naye aliitambua sauti. Akazima. Kimya kikawa kikubwa kuliko kile cha Germain.

Philomène alingoja bibi aanguke, ama apige kelele, ama amlaani. Angestahili. Alijisikia kulia, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika, alipoona Kabedi amegeuza uso kuelekea ukutani.

"Nani amefunga?" Kabedi aliuliza.

Aligonga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Chadrack! Minye nakuuliza. Nani amefunga bwana yangu mudomo?"

Kichwa cha Chadrack kikachomoza juu ya ukuta, kofia mkononi. "Pardon, kaku. Tulikosa. Ni ya mwaka jana. Ni mama Laure... ni minye... tuliogopa utakufa na njaa."

"Mama, unisamehe," Philomène alisema, na sasa alilia bila kujificha. "Nilikudanganya. Kanisa ingali imefungwa. Hakuna muntu kule. Nimechoka, mama, sikuona tena kintu ya kufanya."

Kabedi aliketi polepole. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Philomène, akaushika.

"Ni ya mwaka jana," alisema, akiwaza. "Na Yesu? Alikufa tena nyuma ya pale?"

"Hapana, mama."

"Basi, Aleluya ya mwaka jana iliisha namna gani?" Akavuta pua. Mabega yalianza kumcheza, na ilichukua muda kabla Philomène hajafahamu kwamba bibi anacheka. "Germain alimwambiaka kila mwaka: papa Godefroid, ngoja benzako. Kila mwaka! Nyumbani nilimwambia minye pia. Ananijibu: 'Kabedi, kama Yesu amefufuka, tunangoja nini?'" Kicheko kikakatika. Machozi yalifuata mikunjo ya uso. "Sikujua kama nitasikia tena ile sauti. Chadrack, mutoto yangu, rudisha pale anaanza."

Chadrack alirudisha. Mzee alianza peke yake, kisha kwaya yote ikamfuata, ikamfunika. "Rudisha," akasema Kabedi. Akarudisha. Mara ya tatu Deborah alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi, na watu wa njiani wakasimama mbalimbali, barakoa usoni, wakiuliza kama kanisa limefunguliwa.

"Betri inaanza kwisha, kaku," Chadrack alisema. "Imebakia mara moja, nazani."

"Basi ongeza sauti. Weye, muntu ya makelele, leo njo unaogopa?"

Chadrack hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliigeuza spika iwaelekee, akaifungua mpaka mwisho. Kinanda kikatoka, kikohozi kikatoka, watu wale mamia wakasimama, na Kabedi akasimama nao, safari hii bila kushikwa. Philomène aliona midomo yake inajiandaa. Kikaja kile kimya.

Godefroid alianza, na Kabedi alianza naye, sauti yake nyembamba kando ya ile nene, wawili peke yao mbele ya kanisa zima. Kwaya ilipoingia, nyuma kama kawaida yake, bibi alikuwa ameshafika neno la pili. Spika ikakoroma, ikazimika. Kabedi aliimalizia mwenyewe mpaka mwisho, kisha akaketi, akanyoosha mikono juu ya beseni ili Philomène ammiminie maji, akamega bukari.