Mwanamume Aliyeimbwa Saluni

Upande mmoja wa santuri ndio muda wa nywele kukauka. Msusi aliligundua hilo saa ya ukutani ilipokufa, asinunue nyingine. Akishamfunga mteja rola na kumkalisha chini ya draya, huweka santuri ya jazi ya mwimbaji aliyeachwa na mpenzi wake. Nyimbo zote ni za huzuni, na piano inamfuata polepole kama mtu anayetoka msibani.

Jumanne moja, katikati ya wimbo wa kwanza, mwanamume aliingia, kofia mkononi.

"Hodi jamani. Nasikia natajwa."

"Wewe ndiye uliyemwacha?" aliuliza shangazi yake msusi kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wote walio chini ya draya.

"Ndiye mimi, mama."

"Basi funga mlango, vumbi linaingia."

Tangu siku hiyo huja kila santuri inapopigwa, hukaa kwenye kigoda karibu na sinki, na huondoka sindano ikiinuliwa. Ana adabu zake. Akikanyaga rola huomba radhi. Akipiga chafya huomba radhi kwa kila mteja. Mwimbaji peke yake ndiye ambaye hajaombwa.

Wimbo wa kwanza ukiisha, mwimbaji huuliza kutoka kwenye spika, "Kasema?"

"Bado, dada," hujibu msusi.

"Akisema mara moja tu, nitapumzika na mimi." Kisha huvuta pumzi na kuanza wimbo wa pili.

Wa tatu humkuta mwanamume amelala, akikoroma sambamba na saksafoni. Siku moja msusi alimtikisa bega.

"Samahani," alisema mwanamume, akifikicha macho.

Santuri ikazunguka kimya.

"Hiyo ni yangu?" mwimbaji akauliza.

Msusi alimtazama mwanamume, kisha akaitazama spika. Alitamani kudanganya. "Hapana, dada. Ni ya kusinzia."

Hapo shangazi akajitoa chini ya draya, rola zote kichwani. "We baba, una moyo wa jiwe? Mwambie samahani mwenzio apumzike!"

Mwanamume aliizungusha kofia yake, akafikiri kwa makini.

"Lakini mama, nyimbo hizi si nzuri?"

"Nzuri."

"Sasa nikimwomba radhi, tutasikiliza nini?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaanza kutazama kucha zao. Shangazi akarudi chini ya draya taratibu.

Wimbo wa nne ukaanza, na mwanamume akasinzia tena, kichwa kwenye ukuta. Msusi alichukua taulo safi, akamfunika mabega.

"Umemfunika?" mwimbaji akauliza.

"Nimemfunika, dada."

Ilikuwa inakuja sehemu ya kupaza sauti, ile inayosikika mpaka barabarani. Mwimbaji aliiimba chini chini, asije akamwamsha.