Robo Tatu ya Kilo ya Funguo

Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025. Mvua ilikuwa imenyesha Naro Moru usiku kucha, na asubuhi ukungu ulikuwa umeufunika mlima mpaka miguuni. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

Kabura alikuwa ameomba tangu saa kumi alfajiri. Hakuomba apite mtihani wa Hisabati. Hilo alikuwa ameliombea miaka mitatu yote ya masomo ya jioni. Aliomba afike tu kituo cha mtihani cha Ruring'u kabla ya saa mbili na nusu, maana mlango wa chumba cha mtihani ukishafungwa, haufunguliwi hata kwa mama wa miaka arobaini na tisa mwenye wajukuu wawili.

Saa kumi na mbili mumewe, Hezekiah, aliingiza ufunguo kwenye swichi ya gari. Akautikisa, akauvuta kidogo, akausukuma. Mara ya tano gari likawaka.

"Inataka kubembelezwa tu," alisema.

Kabura akautazama ule mzigo ukining'inia kwenye swichi. Hezekiah alikuwa mzee wa kanisa, na alipenda kukabidhiwa funguo. Kwenye pete moja ya chuma alibeba ufunguo wa gari, wa bomba la kanisa, wa kabati la vipaza sauti, wa zizi, wa nyumba ya marehemu mama yake iliyobomolewa zamani, na msalaba wa shaba uliojaa kiganja. Siku moja sokoni Karatina, Kabura aliuweka mzigo huo kwenye mizani ya muuza viazi: robo tatu ya kilo. Hezekiah alicheka, akasema mzigo wa Bwana ni mwepesi.

Kila shimo la barabarani, mzigo ulibembea ukivuta swichi. Na ufunguo wenyewe wa gari ndio uliofungua mikebe ya rangi na kukwangua tope viatuni.

Mbele kidogo, Hezekiah alisimamisha gari penye bomba la kanisa, ambapo akina mama watano walikuwa wakimsubiri na mitungi yao.

"Si uache gari ikiunguruma?" Kabura aliuliza.

"Na bomba nitafungua na nini?"

Akazima, akachomoa. Alifungua bomba, akamsalimia kila mama kwa zamu yake, akauliza habari za ndama wa mmoja. Aliporudi, ufunguo uliingia, ukakataa kuzunguka. Akaubembeleza. Akaunyonga.

"Utakatikia ndani, Baba Wendy," Kabura alimwonya mumewe.

Barabara kuu ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kwa tope lile hakuna pikipiki iliyokuwa imetoka. Kabura alifumba macho. Alipoyafumbua, mumewe alikuwa ameshika kichupa cha mafuta ya kupikia, anataka kumimina kwenye swichi.

"Hapana, mzee." Anita, mmoja wa wale akina mama, ambaye alikuwa fundi katika gereji ya mjini, alitua mtungi wake. "Ati hiyo ndiyo unaweka?"

"Kila Jumamosi."

"Basi humo ndani umepika chapati ya vumbi."

Akauangalia ufunguo. Meno yake yalikuwa yamelika kama ya ng'ombe mzee.

"Mzigo ndio umemaliza hii swichi, na mkono wako. Uko na ufunguo ingine?"

"Niko nayo."

"Iko wapi?"

Hezekiah aliangalia viatu vyake. Kisha akaonyesha kwa kidole, palepale kwenye pete. "Niliweka pamoja ndio isipotee."

Akina mama walishikana mabega kwa kicheko. "Hiyo ni kuweka kiberiti ya akiba ndani ya jiko," alisema Murugi, mkubwa wao.

Anita alinyoosha mkono autoe ule wa akiba. Hezekiah akaifunika pete kwa kiganja. "Hizi nimekabidhiwa. Tuombe kwanza."

Kabura akashuka na viatu vyake vya mtihani, akakanyaga tope.

"Nimeomba tangu saa kumi, Baba Wendy. Na nimejibiwa. Jibu limesimama hapo na mtungi. Toa ufunguo."

Hezekiah akaachilia. Anita aliutoa ule wa akiba, meno yake bado makali, akauingiza peke yake. Akatikisa usukani kushoto na kulia, akazungusha polepole. Gari likawaka.

"Itawafikisha. Lakini ukirudisha hiyo mzigo, hata hii itakwisha."

"Nitairudisha tukifika tu," Hezekiah alisema, akiketi penye usukani na kuipakata pete. "Ufunguo ikikaa peke yake itapotea."

Kabura alishika mlango wazi, asiingie. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini.

"Sema mbele ya hawa mama kwamba hutairudisha."

"Tunachelewa."

"Ni wewe unachelewesha. Sikuambii uape, Maandiko yamekataa. Sema tu."

Hezekiah alimtazama mkewe, akatazama saa, akatazama vile viatu vya mtihani vilivyojaa tope. Kwa shida akauchomoa ufunguo wa bomba, akamkabidhi Murugi kupitia dirisha. Akanong'ona kitu.

"Sauti, mzee," alisema Murugi. "Huku nyuma hatusikii."

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," Hezekiah alisema kwa sauti ya mimbarini, "ufunguo wa gari hautabeba kitu kingine tena. Na wa bomba utakaa na Murugi, hata kama asubuhi hamtanihitaji."