Hesabu ya Damu Nyumbani kwa Kazumasa

Akina mama wenye vijana wa kuoa, haya yalitokea mji wa Naruto, upande wa mashamba ya yungiyungi, ua la majini ambalo mizizi yake huliwa. Lakini yangeweza kutokea katika nyumba yoyote ambayo mume ana wivu na mama yake hana breki mdomoni.

Kazumasa alikuwa mkulima hodari. Asubuhi aliingia kwenye tope hadi kiunoni, akapapasa mizizi chini na kuitoa mmoja mmoja bila kuivunja. Mkewe, Sanae, aliiosha na kuipanga kwenye maboksi. Lori la ushirika lilipokuja, dereva alikuwa Noboru, aliyesoma na Sanae tangu utotoni. Noboru alikuwa na utani mwingi, na Sanae alicheka hadi akashika mbavu. Kazumasa, tope likimkaukia mwilini, alikisikia kicheko kile na kujiuliza mbona kwake hakiji.

Mwaka ule binti yao Kayo alianza chekechea. Chekechea za kule, mtoto hushonewa kitambaa kifuani chenye jina, simu ya nyumbani na kundi la damu. Sanae akampeleka mtoto kupimwa, akarudi, akashona herufi O kwa uzi mwekundu, akaingia jikoni.

Jioni Kazumasa akakishika kile kitambaa. "Umekosea kushona."

"Sijakosea. Ni O, kama mimi."

"Mimi ni AB, Sanae."

Kisu kikasimama juu ya kitunguu.

Watu wa kule hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Mchumba huulizwa kundi lake kabla hajaulizwa kazi yake. Saluni utasikia wa A ni nadhifu, wa B ni mkaidi. Kila mtu ana mafungu mawili ya damu, na mtoto hupewa fungu moja na baba, moja na mama. A na B wakikutana hakuna anayemfunika mwenzake, wote wawili huonekana, na huyo ndiye AB. O hufunikwa na yeyote, kwa hiyo mwenye O amepewa O pande zote mbili. Sasa AB atatoa A au atatoa B. O ataitoa wapi?

"Labda wamekosea hospitali," Sanae akasema.

"Mpeleke tena."

Akampeleka tena. O.

Wivu ukamwingia Kazumasa kama maji kwenye buti lililotoboka: kwanza ubaridi kidogo kidoleni, halafu mguu mzima ukawa mzito. Alimtazama mtoto akila, akamwona masikio yamesimama. Nani mwingine ana masikio yaliyosimama kama si Noboru? Mama yake, Bi Fusae, akamsaidia kuona.

"Mwanangu, mimi si nilikwambia? Mke gani huyo wa kuchekacheka na madereva?"

"Mama, hebu acha."

"Niache nini? Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la sita anaijua!"

Zamani Kazumasa akitoka shambani alioga na mtoto kwenye beseni kubwa, wakiimba. Akaacha. Kayo akasimama mlangoni na kitaulo chake. "Baba, maji yanapoa."

"Oga na mama yako."

Lori lilipokuja tena, akalisubiri barabarani. "Wewe Noboru, unakuja kuchukua mizizi au mke wangu?"

Noboru akadhani ni mzaha. "Vyote viwili, bwana, ukinisaidia kupakia!"

Kazumasa akamrushia boksi zima kifuani. Siku hiyo ndipo majirani walipojua.

Sanae aliapa, akalia, akaapa tena. Kazumasa alikuwa na swali moja tu: "Basi O imetoka wapi?" Mwanamke asiye na kosa hana cha kuonyesha zaidi ya maneno yake.

Ikafika ibada ya kumkumbuka marehemu Tokuji, baba yake Kazumasa. Mtawa wa hekalu alipomaliza kusoma sala na kuondoka, ndugu wakaanza kuwasha ubani mmoja mmoja mbele ya picha ya marehemu. Kayo akasogea na kijiti chake cha ubani. Bi Fusae akamshika mkono.

"Wewe ngoja. Ubani huu ni wa wajukuu."

Kazumasa alisikia, akainamisha kichwa, akatazama mkeka.

Sanae akaweka chini birika la chai. "Mama, marehemu baba alikuwa kundi gani?"

"O. Nani asiyejua? Mpole, mkarimu, O mtupu."

"Na wewe?"

"AB, kama mwanangu. Ndiyo maana tunaelewana."

"Haya, piga hesabu yako, Mama. AB na O huzaa A au huzaa B. Mume wangu ni AB. Ulimzaa na nani?"

Shangazi mmoja akakohoa. Bi Fusae akainuka mkekani. "Mimi? Mimi sijawahi hata kushikwa kidole na mwanamume mwingine!"

"Nami nilisema hivyo hivyo. Humu humu ndani."

Akambeba mtoto, akaenda kwao, ng'ambo ya mto.

Aliyekimbilia hospitali kubwa ya mjini hakuwa Kazumasa. Alikuwa Bi Fusae, akimburuta mwanawe ili jina lake lisafishwe. Daktari akawapima wote wawili, akauliza asili yao ni wapi, akatikisa kichwa taratibu. Akasema kwa kawaida A na B hukaa mafungu mawili tofauti. Lakini zipo koo chache, na huku kwetu zimewahi kuonekana, ambazo A na B zimekaa pamoja katika fungu moja, na fungu la pili ni O. Mtu wa namna hiyo humpa mtoto vyote viwili kwa pamoja, au humpa O.

"Wewe mama ulimpa mwanao vyote viwili," akasema. "Na wewe baba ulimpa bintiyo O. Ni yako hiyo."

Bi Fusae akashusha pumzi, akatabasamu. Kazumasa hakutabasamu.

Akavuka mto siku hiyo hiyo, akapiga magoti mlangoni kwa wakwe, paji la uso sakafuni, akaeleza yote. Sanae alimsikiliza akiwa amesimama.

"Sawa. Daktari amesema kweli. Na kama angesema hajui?"

Kazumasa akainua uso kutoka sakafuni.

"Damu umeiamini," Sanae akasema. "Mimi nimekaa nawe miaka yote hiyo, nikakuapia, hukuniamini. Sasa nirudi kwa mtu gani?"

Ndani Kayo akauliza, "Mama, ni Baba? Aingie?"

"Kula kwanza, mwanangu," Sanae akajibu, akausukuma mlango taratibu hadi ukafungika.

Kazumasa akabaki pale nje, amepiga magoti, viatu bado miguuni.