Nukta Yenye Nywele

“Nimebipu,” Mama alisema kwa mara ya nne. “Juzi nimebipu, jana nimebipu, na leo nimebipu kabla sijagusa chai. Kama masikio yako yameziba, kayazibue. Usinihamishe mimi.”

“Simu yangu hii hapa, Mama. Tazama mwenyewe. Siku tatu, hakuna hata mlio mmoja kutoka kwako.”

“Basi simu yako ndiyo mgonjwa. Ihamishe yenyewe ikaishi Kairo.”

Niliingia katikati ya maneno hayo, mkoba begani na pumzi juu, maana ngazi za nyumba yetu ya Dumyat ni kali. Nje nilikuwa nimeipita pikapu ya kukodi. Kitanda cha Mama kilikuwa kimefunguliwa na kupakiwa, na ule ubao wa kichwani ambao marehemu Baba aliutia nakshi kwa mkono wake umeegemezwa kwenye godoro. Dereva alikuwa amekaa kivulini anatafuna mbegu za tikiti.

Kaka yangu Shawki alisimama katikati ya sebule na kamba mkononi. Ananizidi miaka mitano, na tangu Baba afariki huzungumza na sisi kama mtu anayesoma tangazo.

“Umechelewa, Awatif,” aliniambia. “Fungasha nguo zake. Mimi namalizia vyombo.”

“Kwanza asalaamu alaykum,” nilisema.

“Mjibu dada yako,” Mama alimwambia, “au na hilo utasema mimi ndiye niliyesahau kukufundisha?”

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Simu ya mezani ya Mama, ile ya kuzungusha kwa kidole aliyoitumia miaka arobaini, ilikufa mtaa ulipochimbwa. Shawki akamletea kitochi ambacho shemeji yake alikuja nacho kutoka Milano. Akatia laini, akakichaji, akamwandikia namba yake na yangu kwenye karatasi kwa wino mzito, akamwonyesha kitufe cha kijani na kitufe chekundu, akarudi kwake Kairo. Wakapatana kwamba kila siku saa moja asubuhi Mama atabipu mara moja na kukata. Mlio ukisikika, Mama mzima. Kwetu hakuna asiyeishi hivyo. Mimi mwenyewe nimelea watoto watatu kwa kubipu: mlio mmoja nimefika shuleni, miwili njoo unichukue, mitatu mfululizo nimeumia.

Asubuhi ya kwanza mlio haukusikika. Shawki akapiga yeye, simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia fundi Zaki, mpaka rangi mwenye karakana chini ya nyumba yetu, naye akamwambia Hajati yuko darini, juu ya paa, anawalisha bata wake na anaimba. Hapo hofu ya kaka yangu ikageuka. Mama ni mzima, lakini akili inamtoka. Shangazi yetu alianza vivyo hivyo. Aliapa ameswali, na hakuwa ameswali. Aliapa amekula, na sahani ilikuwa imefunikwa mbele yake. Kwa hiyo siku ya tatu Shawki alikuja na kamba. Kwake kuna chumba kimoja cha ziada, ghorofa ya tisa, hakina dari ya kufugia wala bata.

“Na nilipokupigia mbona hukupokea?” Shawki alimuuliza. “Mara kumi na mbili, Mama.”

“Nipokee simu ya mtu anayenibipu? Nile salio lako? Mimi nimelelewa.”

“Nilikuwa nakupigia, si kubipu!”

“Nitajuaje? Nilisema maskini mwanangu, leo ananijibu salamu kwa wingi.”

Nilitaka kucheka lakini Shawki hakuwa na uso wa kuchekewa. Alinitazama kama kusema, unaona? Nami, sitaficha, niliona. Tulipokuwa tunamuuguza shangazi, majibu yake nayo yalikuwa yamenyooka namna hiyo, kila moja na sababu yake.

“Tena kuna msichana humo ndani,” Mama aliendelea, akinielekea mimi. “Kila nikipiga anadakia yeye. Namwambia mimi ni mama yake Shawki, nipishe, hasikilizi. Anasema yake tu. Basi nakata, si mlisema nikate?”

Shawki aliishusha kamba juu ya kiti. “Anaongea na mashine,” aliniambia kwa sauti ya chini.

“Anaongea na mashine, nimesikia,” nilimjibu. “Mama, huyo msichana anasema nini?”

“Eti namba si sahihi. Nikamwambia, hujui adabu, wewe ndiye usiye sahihi.”

Mtu aliyesahau kupiga simu haambiwi kwamba namba yake si sahihi. Nikanyoosha mkono. “Ilete.”

Aliitoa kifuani, imefungwa kwenye leso. Maandishi yote ya ndani yalikuwa ya Kiingereza, na majina yetu mawili Shawki alikuwa ameyahifadhi kwa herufi za Kizungu, ambazo kwa Mama ni sawa na nyayo za kuku. Nikatafuta orodha ya namba zilizopigwa. Zilikuwamo. Leo saa moja na dakika nane. Jana saa moja na dakika tano. Juzi saa moja kasoro dakika mbili, na tena saa moja na dakika tatu.

“Shawki, njoo usome.”

Akasoma. Akasoma tena akiwa ameisogeza simu karibu na macho. Rangi ilimrudi usoni, kisha ikaja nyingine, ya aibu.

“Alipiga,” alisema.

“Nilipiga,” Mama alisema. “Sasa nani anaumwa?”

Lakini alipiga nini? Kila namba kwenye orodha ilianza na alama ya nyota. Nikaiweka ile karatasi kando ya simu na kulinganisha tarakimu moja moja. Mahali pa kila sifuri pana nyota. Mahali pa kila tano pana sifuri. Mahali pa sita pana saba. Zilizobaki zote zilikuwa barabara.

“Mama,” nilisema, “hebu bonyeza tano.”

Akaweka kidole kwenye kile kiduara cha chini, bila kusita.

“Sifuri?”

Akahamia kushoto, akabonyeza nyota. “Hii nukta yao imeota nywele,” alisema, “lakini nikajiambia ndivyo wanavyozifanya huko Italia.”

Nilikaa. Kwetu, kwa tarakimu za Kiarabu, tano huandikwa kiduara, na sifuri ni nukta tu. Sita yetu ukiitupia jicho ni saba ya Wazungu. Sisi tuliosoma tunazijua tarakimu za namna zote mbili, hatukumbuki hata siku tuliyojifunza. Mama alijifunza zetu tu, kwenye daftari la shule na kwenye ile simu ya kuzungusha, na vitufe vya kitochi cha Milano vilikuwa na za Wazungu peke yake. Shawki alikuwa ameandika karatasi yake kwa zetu, kwa kumhurumia.

“Na saba, umeijuaje?” nilimuuliza.

“Hiyo sikuijua. Nikahesabu kuanzia moja.”

“Mbona sita hukuhesabu?”

“Nihesabu kwa nini kitu ninachokijua?”

Hapo Shawki alicheka. Alicheka kwa pua, hakutaka, lakini kicheko kikamtoka. Kisha akajifuta uso na kuishika tena kamba.

“Haya, nimekosa, Mama, akili yako ina makali kuliko yangu. Lakini ukianguka leo darini utampigia nani, yule msichana? Simu huwezi kuitumia. Kitanda kishapakiwa. Twende ukapumzike.”

Mama aliifungua leso na kuifunga tena.

“Shawki,” alisema mwishowe, “kama ningekuwa nimesahau, ningekwenda nawe. Ningefunga nguo zangu mwenyewe. Jana usiku nilikuwa nalifikiria hilo. Lakini sikusahau.”

Chini karakana ya Zaki ilikuwa inapiga msasa.

“Anipigie mimi,” Shawki alisema. “Kwa kidole chake, kwa namba ya kwenye karatasi, bila wewe kumgusa mkono. Akiweza, nakishusha kitanda. Asipoweza, jua halitakuchwa hatujaondoka.”

“Nipeni dakika ishirini,” nilisema.

Nilianza na njia rahisi, nikaingia kwenye mipangilio ya lugha. Kiitalia, Kijerumani, Kipolandi, Kireno, hata lugha moja yenye vidoti juu ya kila herufi. Kiarabu hamna. Nikafikiria kumwekea jina langu kwenye kitufe kimoja cha kubonyeza kwa muda mrefu, lakini masharti yalikuwa namba ya kwenye karatasi, na Mama naye alikataa. “Leo nitabonyeza kimoja, kesho mtanilisha kwa kijiko,” alisema. Basi nikateremka karakana.

Fundi Zaki hupaka dhahabu viti vya maharusi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa sofa, brashi ya nywele chache mkononi.

“Fundi, acha hiyo sofa. Nataka tarakimu kumi kwenye hii.”

Akaitazama simu, akanitazama mimi. “Nimepaka dhahabu vioo, nimepaka makabati, nimepaka kitanda cha mtu mmoja wa Aleksandria kwa ndani na kwa nje. Simu bado.”

“Anza leo. Ukikosea moja, Hajati anahamia Kairo na bata wake wanachinjwa.”

“Usiniambie hivyo, Mama Karim, mkono utanitetemeka. Mchuzi wa Ijumaa nitakula kwa nani?”

“Basi usikosee.”

Alianza kwa rangi nyeusi, akafuta kila alama ya kiwandani, na ile nyota akaizika kabisa. Akapuliza. Kisha akaandika zetu, ile ya moja juu kulia kwa mazoea ya mkono wa Kiarabu, unaoanzia kulia. Nikamshika kiwiko. “Kushoto, fundi. Simu inahesabu kwa mpangilio wa Wazungu.” Akasonya, akaifuta, akaanza upya. Tisa zilikaa vizuri. Sifuri aliipa nukta nene, ya mviringo, inayoonekana kutoka mlangoni.

Mama aliipokea simu kwa ncha za vidole na kuipeleka dirishani. “Wameinyoa,” alisema.

Shawki alishuka barabarani, akasimama karibu na dereva na simu yake mkononi. Mimi nilikaa dirishani, mikono kwapani kama nilivyoamriwa. Mama alivaa miwani, akaiweka karatasi mezani na kuilalia kwa kifua kabisa. Nukta. Moja. Alibonyeza kila kitufe kwa nguvu ya mtu anayeua mdudu, kisha akaitazama karatasi, kisha simu, kisha karatasi. Alipofika katikati kioo kilizima.

“Imekufa.”

“Imelala tu. Bonyeza popote palipo—”

“Usinisaidie!” Alitazama chini, akabonyeza chekundu, kioo kikawaka kitupu. Namba yote imefutika. Akavuta pumzi na kuanza tena kutoka kwenye nukta, safari hii haraka zaidi. Kiduara, kiduara, sita, kiduara. Kijani. Akaiweka sikioni.

Chini simu ya Shawki ilipiga mlio mmoja, ikanyamaza.

“Imekatika!” Shawki alipaza sauti kutoka barabarani.

Mama alitoa kichwa dirishani. “Haikukatika, nimekata. Nimebipu! Si ndivyo tulivyopatana?”

Dereva aliinama akacheka mpaka mbegu zikammwagika. “Mama yako anakushinda, bosi,” nilimsikia akisema.

“Piga sasa, Mama,” Shawki alisema, na sauti ya tangazo haikuwamo tena. “Piga kama watu, uongee nami.”

“Na wewe ukipiga, nitajuaje kama hubipu?”

“Ikiita zaidi ya mara mbili, pokea,” nilimwambia. “Hapo ni kupiga.”

“Zaidi ya mara mbili,” alirudia, akaikunja midomo kuyahifadhi maneno. Akarudi mezani na kuipiga namba yote upya, toka mwanzo, ingawa kitufe kimoja cha kijani kingemtosha. Ikaita. Shawki akapokea hapo hapo, huku anatutazama juu, mkono mmoja juu ya macho kwa ajili ya jua.

“Shawki? Ni mimi mama yako. Yule msichana hayupo.” Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama vile Shawki angeweza kumwona. “Naam. Naam, mwanangu. Haya, nisikilize wewe sasa. Mwambie dereva mpandishe kitanda. Ubao wa baba yako utangulie, na kwenye kona ya ngazi muusimamishe wima msije mkauchubua. Nakata, hili ni salio langu.”

Akabonyeza chekundu na kuniambia nisogeze meza, mlango ni mwembamba. Shawki alikuwa ameshaitia simu mfukoni na kupanda juu ya pikapu. Alifungua fundo la kwanza, dereva akashika upande wa pili wa ubao, na wakaanza kupanda ngazi nao, Zaki akiwa mbele yao akiwaelekeza kwa brashi.