Gauni Alilonishonea Wifi

Wifi yangu alifungua pakiti ya krispi kwa meno, kama kawaida yake, na mimi nikakosea mshono. Sindano ilikwenda upande, uzi ukakatika. Nilijifanya natafuta mkasi ili nisimtazame, lakini masikio hayana kifuniko. Nilimsikia akitafuna. Kisha pakiti ikapita nyuma ya mgongo wangu, ikaenda kwa Vifungo.

"Chukua, shoga. Leo za pilipili," wifi alimwambia.

Vifungo ni jina tulilompa fundi wa vifungo na matundu yake. Zamani alikuwa akikaa kule mlangoni peke yake. Siku hizi alikuwa amesogeza kiti chake mpaka kwenye meza yetu, na pakiti ikifunguliwa mkono wake ndio wa kwanza kufika.

Roho iliniuma. Krispi zenyewe nilizitamani mpaka mate yakanijaa, siwezi kukataa. Lakini kilichoniuma zaidi ni ule mkono. Kabla sijaenda hospitali, mkono ule ulikuwa wangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Watu husema mawifi ni paka na panya, ila sisi hatukuwa hivyo. Sote wawili tulikuwa wanene, unene wa kweli, si wa kusingiziwa, na chumba kizima cha kushonea kilituita Mapipa Mawili. Yeye ndiye aliyenileta kwenye kazi hii nilipoacha shule. Alinifundisha kutia uzi, kukata mkono wa gauni, na kutojali vicheko vya watu. Mtu akitucheka njiani, tulinunua chipsi na soda tukala tukamcheka yeye.

"Mwache apite na mifupa yake," wifi alikuwa akisema. "Upepo ukivuma tutamwokota."

Halafu sukari ikanipanda na magoti yakagoma kupanda ngazi. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, akanitafutia upasuaji wa kupunguza tumbo. Madaktari walilikata, wakalishona, likabaki dogo kama ndizi. Nikapungua. Nguo zikawa zinanivuka zenyewe, magoti yakakubali ngazi. Kwa hayo nilimshukuru Mungu. Ila hakuna aliyenionya kwamba nitakuwa mtu wa kijicho. Nilimwonea wifi wivu alivyopangusa chumvi midomoni, alivyocheka mdomo umejaa. Nilimwonea wivu hata mtoto aliyebebwa mgongoni na biskuti yake mkononi.

Kaka yangu akaja kuharibu kabisa. Nilikuwa kwao, tumekaa mezani, akaninyooshea kidole huku akimtazama mkewe.

"Mwone mwenzako. Amekuwa kama chupa ya soda. Na wewe je?"

"Mimi ni kreti zima, mume wangu," wifi alimjibu. "Chupa moja utashiba nini?"

Tulicheka wote, na wifi alicheka kuliko sisi. Lakini tangu siku ile hakuniita tena "pipa mwenzangu", na pakiti zikaanza kupita nyuma ya mgongo wangu.

Nami nikaanza kudokoa.

Nilianza na nusu ya biskuti niliyoitia kwenye mfuko wa aproni, pamoja na chaki na pini. Nikimaliza kushona pindo, namega kipande. Nikisubiri pasi ipate moto, namega kingine. Baadaye nikaongeza krispi, nikizivunja ndani ya mfuko ili zisisikike. Nilijiambia kwamba sili. Kula ni kukaa na sahani, mimi nilikuwa nimesimama tu, mkono mfukoni. Biskuti zilikuwa na ladha ya chaki na sikujali. Siku moja nilikula peremende nyingi mfululizo, moyo ukanienda mbio, jasho likanitoka kama niliyekimbizwa na mbwa, ikabidi nijifungie chooni mpaka nitulie. Nilipotoka niliingiza tena mkono mfukoni.

Mizani ikasimama. Halafu ikaanza kupanda.

Kule kliniki, mama wa lishe aliniuliza nakula mara ngapi kwa siku.

"Mara tatu."

"Na katikati?"

Niliangalia viatu vyangu. Mimi ni mtu wa aibu, hata jibu nikilijua hubaki kooni.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Sema."

"Nadokoa kidogo."

"Haba na haba?"

"Hujaza kibaba," nilijibu kama mwanafunzi.

"Basi kibaba chenyewe ndicho kile tulichokishona." Hakuwa mkali. Alinieleza kwamba yai au kipande cha samaki hukaa tumboni, tumbo likajaa, likasema basi. Krispi na biskuti huwa uji, zikateleza, ndiyo maana mtu anaweza kuzila kutwa nzima asishibe. "Tumbo tulilikata sisi. Mazoea utayakata mwenyewe. Ukitaka kula, kaa. Weka chakula kwenye sahani. Kama unaona aibu kukiweka kwenye sahani mbele ya mtu, hiyo si njaa. Una mtu wa kula naye?"

"Nilikuwa naye," nilisema.

Nilitoka pale na nia nzuri. Nia ilifika mpaka kwenye duka la biskuti, ikaishia hapo.

Wiki hiyohiyo mwenye duka letu la ushonaji aliingia kwenye chumba chetu, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Yule dada aliyekaa mbele kupokea wateja na kuwapima alikuwa ameolewa mbali, na nafasi yake ilikuwa wazi. Wifi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu mimi sijajua kushika mkasi. Kwa kupima hakuna wa kumshinda. Akimtazama mtu akishuka ngazi, anakutajia kiuno chake. Alivuta kiti, akajiweka sawa.

Mwenye duka akampita, akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe. Jumatatu utakaa mbele. Nataka mteja akiingia aone umbo, aseme na mimi nishonewe hivyohivyo." Kisha akamgeukia wifi. "Mshonee gauni. Wewe ndiye mwenye mkono mzuri."

"Sawa, mama," wifi alisema.

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye. Wakati ule nilitazama kama Vifungo ameona, na nilipoona ameona, nilifurahi.

Wifi alinipima bila neno. Zamani akinipima alinitekenya, akasoma vipimo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Safari hii nilisikia pumzi yake tu, yenye harufu ya chumvi na viazi, na nikaivuta kama mwizi.

Gauni lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Kitambaa cha bluu iliyoiva, shingo imekaa, mikono imekaa. Nililijaribu nyuma ya pazia, likanikamata vizuri, kifuani likibana kidogo tu, ila ubavuni nilihisi ugumu, kama kuna kitu kimekunjwa ndani. Nikalivua, nikaligeuza.

Kila upande kulikuwa na kitambaa cha ziada, upana wa vidole vinne, kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mwembamba. Mshono wa kawaida tunauachia kidole kimoja. Vinne tunamwachia mwenye mimba, au mtoto wa shule anayekua. Mimi sikuwa na mimba wala sikuwa mtoto.

Nilitoka nalo mkononi, mbele ya watu wote, mimi ambaye hata kuomba pini naona haya.

"Wifi, hiki kitambaa ni cha nini?"

Hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya utakaporudi."

Vifungo alitoa kicheko, akakizuia kwa kiganja.

"Nirudi wapi?"

"Ulikotoka. Wote hurudi. Kaka yako alinisimulia yule wa kazini kwao, alikatwa kama wewe, leo haingii mlangoni. Nimekufikiria tu, wifi yangu. Siku gauni likikubana, hutahangaika, unafumua unaongeza."

Damu ilinipanda. Nilichukua mkasi mkubwa mezani. "Nakikata."

"Kata." Sasa cherehani ilinyamaza. "Ila kitambaa kikishakatwa hakirudi, hilo nilikufundisha mwenyewe."

Niliweka mkasi kwenye ule mkunjo. Nilitaka kukata. Nilitaka kukata mbele ya macho yake, vipande vimwangukie miguuni. Mkono ukakataa. Nilikuwa na biskuti mfukoni dakika ileile, na lile gauni la bluu, kwa vipimo vya Jumatano, Ijumaa lilikuwa limeshaanza kunishika kifuani.

"Mbona hukati?" wifi aliuliza.

Niliweka mkasi chini. Niliingiza mkono mfukoni, nikamwaga kila kitu mezani: vipande vya biskuti, unga wa krispi, peremende mbili zilizonata kwenye chaki.

"Kwa sababu nimeshaanza kurudi."

Nilisubiri wacheke. Vifungo alifungua mdomo, wifi akamtazama, akaufunga. Wifi aliokota kipande cha biskuti, akakigeuza kama anayetazama doa kwenye gauni la bibi harusi.

"Tangu lini?"

"Tangu pakiti zianze kupita nyuma ya mgongo wangu."

"Kwa hiyo unakula."

"Nakula."

"Ulipotoka hospitali nilikununulia chipsi." Sauti yake ilianza kupanda. "Ukaniambia wifi siwezi. Nikala peke yangu, nikajiona fisi. Nikasema basi, mwenzangu kaniacha. Kumbe kula unakula! Unakula na mfuko! Mimi nina mdomo, nina masikio, nakuchekesha mpaka unashika mbavu. Mfuko una nini?"

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja.

"Usicheke! Nakuonea wivu, nikwambie ukweli. Kaka yako akikusifu nakuonea wivu. Nafasi ya mbele, usiku sijalala kwa wivu. Lakini hili la mfuko limenichoma kuliko yote."

"Na mimi nakuonea wivu."

"Mimi? Kwa lipi? Kwa hili pipa?"

"Kwa krispi," nilisema. "Na kwa Vifungo."

"Jamani!" Vifungo alishtuka. "Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe nyamaza, toboa matundu," wifi alimwambia, lakini alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja.

Nilimweleza aliyosema mama wa lishe: kukaa, sahani, mtu wa kula naye. Alisikiliza huku akikusanya takataka zangu kwa ukingo wa kiganja, akazitupa kwenye ndoo ya vitambaa.

"Basi utakula na mimi. Mchana, hapa mezani."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula ninachotaka. Kwani mimi nimekatwa?" Alilivuta gauni mkononi mwangu. "Na ukiniomba sikupi. Hilo ujue mapema."

"Na akiba je?"

Aliupima ule mkunjo kwa vidole, akafikiri. "Nakuachia viwili. Kimoja cha mshono, kimoja cha wasiwasi wangu."

Nilitaka kubisha. Nikaona hata mimi wasiwasi ule ninao, nikamwachia.

Jumatatu mchana tulifuta meza chaki na nyuzi. Nilikuwa na yai la kuchemsha, samaki kidogo na kijiko cha mboga kwenye kisahani cha chai. Maji niliyaweka mbali, kwani siruhusiwi kunywa wakati ninakula. Wifi alikuwa na chipsi za moto. Harufu ilinijia puani ikakaa kama mgeni asiyeaga. Nilitafuna yai, macho yakiwa kwenye sahani yake. Mkono wangu ukaondoka wenyewe.

Alinipiga kwa mpini wa uma. "Zangu!"

"Moja tu, wifi."

"Umbo umepata, nafasi ya mbele umepata, sifa za mume wangu umepata. Chipsi niachie mwenyewe."

Hakuwa akitania sana. Akaikumbatia sahani kwa mkono wa kushoto kama kuku anavyofunika vifaranga, akaendelea kula. Nami nikarudi kwenye samaki wangu, nikatafuna taratibu. Kabla sijamaliza, nikahisi kitu nilichokuwa nimekisahau: tumbo limejaa. Limesema basi, kwa upole, kama mlango unaorudishwa bila kubamizwa. Kutwa nzima za kudokoa hazikuwahi kunipa hilo.

"Mbona umeacha?" wifi aliuliza.

"Nimeshiba."

Alinitazama, akatazama chipsi zake zilizobaki, na nikaona kwamba sasa ni zamu yake tena. "Ungejua ninavyokuonea kijicho," alisema, akala nyingine.

Saa zangu mbaya ni za jioni, kazi ikipungua na mdomo ukakosa shughuli. Jioni ile aliingia mama mmoja kushonewa sketi. Alikuwa mnene kama nilivyokuwa, na alishika pakiti ya biskuti iliyofunguliwa. Aliiweka kwenye kaunta, karibu na mkono wangu.

"Karibu, binti, chukua," alisema.

Moja tu, nilijiambia. Nimesimama. Haihesabiki.

"Wifi!" niliita kupitia pazia.

Cherehani ikanyamaza. "Unasemaje?"

"Kuna biskuti huku."

"Za nani?"

"Za mteja."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi si zako. Pima watu. Na usimwambie mteja 'simama hapo', mwambie 'tafadhali sogea'. Ningekuwa mimi huko mbele ungeona!"

Mama yule alinitazama kama ninayezungumza na majini. Nikaisogeza pakiti mpaka ukingo wa pili wa kaunta, harufu ikabaki vidoleni. Nilimwonea wivu alivyomega nyingine bila kufikiri, akatafuna, akameza, mambo yakaisha. Nilitoa tepu shingoni, nikamzungushia kiunoni, naye akavuta tumbo ndani na kuzuia pumzi kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Tafadhali usijibane, mama," nilimwambia. "Pumua tu. Nataka kipimo cha kweli."