Bwana Zote Afunga Maoni

Mama mmoja aliingia ofisini bila miadi, akapita mapokezi kama hayapo, akasimama mbele ya meza ya fundi wa mtandao.

"Wewe ndiye unayewafunga watu midomo?"

"Shikamoo, mama. Watu gani?" fundi aliuliza.

"Marahaba. Wasomaji wangu."

Alikuwa muuguzi mstaafu. Blogu yake, moja kati ya sitini zilizohifadhiwa na kampuni hiyo, ilisomwa na watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Waliuliza maswali kwenye maoni, naye akiwajibu kila siku saa nne asubuhi. Tangu juzi sehemu ya maoni ilikuwa imetoweka.

"Kuna binti ana baba mwenye kidonda mgongoni. Nilimwomba picha. Sasa ataituma wapi? Simu yake sina."

"Kesho saa nne patakuwa wazi, mama. Nakuahidi."

Fundi alimjua mhusika. Mkurugenzi, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Zote, alikuwa na blogu ya uongozi yenye wasomaji wanne, wawili wakiwa shemeji zake. Wa tatu aliandika: "Haya uliyasema mwezi jana." Bwana Zote akafungua mipangilio ya plagini, programu ndogo inayoendesha maoni, akaizima, akatia alama penye "lazimisha kwa blogu zote". Nzi mmoja kamkera, kaziba madirisha ya mtaa mzima.

"Mkuu, kila mwenye blogu ajiamulie," fundi alimsihi mama alipoondoka.

"Ukimpa kila mtu swichi, taa zitawaka ovyo." Alilipenda neno lake mwenyewe, akaliandika kwa ajili ya blogu. "Atakayegusa nitamvua usimamizi wa mfumo. Na ule ukuu wa kitengo, usahau."

Ukuu huo fundi alikuwa ameusotea miaka miwili. Kugusa kwa siri hakukuwezekana pia. Kwa kila badiliko, mfumo ulimtumia mkurugenzi ujumbe wenye jina la aliyelifanya.

Kesho yake, saa nne kasoro dakika tano, aliiondoa ile alama, akafungua maoni kwenye blogu ya mama. Picha ikaingia. Mama akajibu mistari sita, bila salamu.

Bwana Zote alifika akihema, simu mkononi. "Toka kwenye akaunti."

"Natoka, mkuu," fundi alisema, macho yakiwa kwenye skrini, hadi binti alipoandika: "Nimeelewa. Namgeuza sasa hivi."

Ndipo akatoka.